Mke Wangu Amesema Hataki Kuwa Sufuria

Mpendwa mshauri Janefer, naomba msaada wako, lakini kabla hujanionea huruma ujue kwanza kwamba unaandikiwa na mtu mwenye bahati kubwa kuliko wote kuanzia Kapsoit mpaka Siongiroi, mimi Weldon wa hapa Litein, dereva mstaafu wa malori makubwa, shule niliachia darasa la sita lakini dunia nimeisoma kwa magurudumu, nimefika Kampala, nimefika Kigali, nimefika mpaka Goma kule Kongo ambako niliegesha lori chini ya mlima unaotema moto, nikaona mawe mekundu yakiteremka polepole kama uji, madereva wenzangu wakakimbia wakaacha viatu, mimi nikawasha gari bila haraka nikaondoka na nyusi zangu zote, kwa hivyo vitu vya kutisha mimi nimeviona, na bahati inanijua kwa jina. Na jina langu uliandike, sijifichi.

Shida ni ya mke wangu Rodah, mama Cherotich. Mwaka juzi alipatikana na saratani ya titi, wakalikata lile la kushoto, akatundikiwa dripu za dawa kali mpaka nywele zikaisha kichwani, akapigwa miale, na hayo yote aliyapita bila kupiga kelele hata siku moja, mpaka daktari akasema sasa hawaoni ugonjwa tena lakini itabidi ameze tembe moja ndogo ya njano kila siku kwa miaka mitano, maana ugonjwa wake ulikuwa wa kulishwa na homoni za kike. Hapo wengine kwenye kliniki walikuwa wanakodoa macho tu, lakini mimi nilielewa mara moja kwa sababu ni mambo ya gari, yaani ugonjwa ni lori la adui na homoni ndiyo dizeli, tembe inakuja inafunga bomba la dizeli lori la adui linazima njiani, nikampa daktari mkono nikamwambia sawa, funga hilo bomba.

Kile ambacho sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa bado nafurahia akili yangu, ni kwamba ukifunga dizeli gari lako mwenyewe nalo linaanza kusumbua, hita inawaka peke yake na ekseli zinakwama. Huku kwetu asubuhi ni ya sweta mbili na gambuti, lakini Rodah anaungua. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, uso unang'aa kama umepakwa mafuta, jasho linatiririka, na likipita anabaki anatetemeka kwa baridi. Kitandani ni vivyo hivyo, blanketi linatupwa, linatafutwa, linatupwa tena, mpaka akahamia chumba cha Cherotich, binti yetu ambaye siku hizi anafanya kazi Nakuru, na mimi nikabaki nikiangalia mabati nikijua nimechokwa.

Halafu vidole. Mshauri, huyu mwanamke alikuwa anachuma majani chai mpaka watu wa kituo cha kununulia wanasimama kumtazama, majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili, kama mtu anayecheza kinanda, na karani hajawahi kumrudishia hata jani moja. Sasa akiamka vidole havikunjiki. Mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya sweta, mimi na haya madole yangu ya kufungulia nati za lori, naye anaangalia dirishani mpaka nimalize. Lakini akishafungiwa anachukua kapu anaenda shambani, anachuma kidogo kidogo, na nikimwambia apumzike ananiambia shamba halijui kwamba yeye ni mgonjwa. Mambo ya chumbani nitasema kidogo tu kwa sababu pasta wetu anasoma gazeti hili. Yanamuuma, basi tumeacha, na kuyaongea pia tumeacha.

Usifikiri nimekaa tu. Mimi mwanaume wa Kipsigis mwenye mvi nimeingia jikoni, wazee wa kituoni wananiita Mama Chai na nawaacha waite, kwa sababu kila Rodah akitoka jasho mimi nimeshachemsha, maji yakitoka mwilini lazima yarudi, na chai yenyewe si ya mchezo, majani mazuri, maziwa ya ng'ombe wangu, tangawizi ya kutwangwa, pilipili manga, na iwe ya moto wa kutoa machozi. Akina mama wa kanisa nao wakija kumwombea kila mmoja anakuja na chupa yake ya chai, na jirani yetu Mellen, mke wa Ombui, analo lile chupa kubwa jekundu ambalo haondoki nalo mpaka liishe. Nikamnunulia Rodah blanketi la manyoya, zito, la kutoka ng'ambo. Nikaziba dirisha la chumba chetu kwa gunia ili upepo usimpige kifua. Niambie mume gani mwingine Litein amefanya hivyo.

Sasa juzi Jumapili. Tuko kanisani, pasta amemwita Rodah mbele kutoa shukrani, kabla hajafungua mdomo mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, kelele mpaka pasta akafunga Biblia. Sisi watu wa majani chai tunaujua huo mlio. Ukisikia hivyo jua shamba lako linachanwa, na itachukua wiki kadhaa kabla ya kapu kujaa tena. Kanisa zima likawa kama matangani, wazee wameshika vichwa. Na hapo Rodah joto likamshika. Nilimwona akivua sweta, akavua kilemba mbele ya watu wote, akateremka katikati ya viti akatoka nje.

Nikapita jikoni kwa kanisa, nikachukua kikombe cha chai, nikamfuata. Nilipofika mlangoni miguu ikagoma.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja bila viatu, zile nywele zake mpya fupi nyeupe ziko wazi, amefungua viganja, mawe ya barafu yanamgonga mabegani, yakigusa shingo yanayeyuka, na mvuke unamtoka, mshauri, mvuke mwili mzima kama ardhi jua linapotoka baada ya mvua. Na alikuwa anacheka. Kitu ambacho kila mtu nyuma yangu alikuwa anakililia, yeye alikuwa anakipokea kama mgeni aliyemngoja. Pale aliposhonwa kifuani, blauzi ilikuwa imelowa na kushikana na mwili, panaonekana palivyo bapa, na hakupaficha. Nilikumbuka ule mlima wa Goma nikaona ulikuwa jiko la makaa tu. Nilihisi nivue kofia, na sikuwa na kofia.

Basi nikajikaza nikamfikia nikampa kikombe. Alikitazama, akakimwaga polepole chini, chai ikatoboa barafu mpaka kwenye nyasi. Akaniambia, "Baba Cherotich, tembe nitaacha. Miaka niliyobaki nayo nataka kuwa mtu, sitaki kuwa sufuria."

Ameshasema pakiti iliyo nyumbani ikiisha hatarudi kliniki kuchukua nyingine, na nikihesabu kwa macho naona haijabaki nyingi. Sasa nifanye nini, nimlazimishe? Nimwite pasta? Cherotich? Maana mpishi wa chai ni mimi, na nimewaza nisage tembe laini kabisa niwe namtilia kwenye kikombe, ainywe bila kujua, aishi. Nijibu haraka.

Weldon, Litein

MSHAURI JANEFER ANAJIBU

Baba Cherotich, vuta kiti. Barua yako nilianza kuisoma nikicheka, na nilipofika kwenye ule uwanja wa kanisa nikaweka miwani mezani. Kabla ya kuichapa nilimpigia Rodah simu, kwa sababu wewe umetoa jina lako kwa fahari lakini titi lilikuwa lake. Amekubali ichapwe yote. Na kuna kitu aliniambia, nitakifikia.

Kwanza wazo la kusaga dawa. Litupe leo. Mwanamke aliyepita kwenye kisu, dripu na miale huku macho yake yakiwa wazi, wewe unataka kumdanganya kwa kikombe? Siku atakayojua, na atajua, hataamini tena mkono wako wala dawa ya daktari. Tembe humezwa na mtu anayejua anachomeza.

Sasa chai. Weldon, katika barua yako chai iko kila mahali, mpaka kwenye mvua ya mawe umeenda na kikombe. Umekuwa ukichochea moto chini ya sufuria halafu unashangaa inachemka. Kinywaji cha moto sana, tangawizi, pilipili, blanketi la manyoya, dirisha lililozibwa kwa gunia, hivyo ndivyo wanawake wengi wenye joto la aina hii huambiwa wajiepushe navyo, na wewe umevikusanya vyote chini ya paa moja kwa upendo. Sikusemi kwa ubaya. Mimi ni Mkisii niliyeolewa Kericho, najua huku kwetu mtu akiumwa ni chai, akipona ni chai, na kukataa kikombe cha mgeni ni kama kumfungia mlango. Ni kosa ambalo ni sisi wenye majani chai tu tungelifanya kwa moyo safi kiasi hicho.

Nilimuuliza Rodah kama yeye mwenyewe hakuona kwamba chai inamzidishia. Alisema aliona tangu wiki za kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema, "Sasa nitamkataliaje? Huyo mtu maisha yake yote hakuwahi kuchemsha hata maji."

Umesikia? Alikuwa anaimeza ile chai kwa ajili yako, kikombe juu ya kikombe. Na chumba cha Cherotich alihamia kwa sababu dirisha la huko halina gunia. Hujachokwa. Ulikuwa unapikwa pamoja naye, na yeye akapata pa kutokea.

Kwa hivyo anza na gunia, liondoe kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Hilo blanketi la ng'ambo mpe ng'ombe akizaa. Mtandikie shuka za pamba, mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito, awe na leso kavu karibu na maji ya baridi kwenye jagi. Chai anywe akitaka, ipoe kwanza, na tangawizi ibaki kwenye kinu. Akina mama wa kanisa waambie wewe, si yeye, kwa sababu mgonjwa hapaswi kupewa kazi ya kuwafukuza wanaomwombea. Mellen ajaze lile chupa jekundu maji ya baridi, linahifadhi vilevile.

Vidole havitaki kuvumiliwa, vinataka kuripotiwa. Hapa ninyi wawili nawagombeza sawasawa. Mmeenda kliniki mara ngapi mkaulizwa habari mkasema nzuri? Daktari hawezi kutibu nzuri. Maumivu ya viungo kwa tembe za aina hii yanajulikana sana, na muuguzi wa wagonjwa wa saratani niliyemuuliza aliniambia kuna wanaopumzishwa dawa kidogo, kuna wanaobadilishiwa tembe nyingine ya kazi ileile, na mara nyingine hiyo ya pili mwili unaikubali. Lakini hayo yanaamuliwa kliniki, hayaamuliwi jikoni. Rodah asiache kimyakimya pakiti ikiisha. Aende kabla haijaisha, na aseme maneno yaleyale aliyokuambia kwenye barafu, kwa sauti ileile. Aulize pia kama mifupa yake imepimwa, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuidhoofisha. Maziwa lala yenu ya kibuyu, ile mursik mnayojivunia, ni rafiki wa mifupa na haichemshi mtu. Asubuhi aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akunje na kukunjua vidole, kisha mtembee pamoja mpaka barabarani na kurudi. Shambani aende kwa raha yake, na kapu libebe wewe. Akipata maumivu ya mfupa yasiyoisha, mguu ukivimba, au kifua kikibana, hapo hakuna kungoja siku ya kliniki, ni kwenda siku hiyohiyo. Na mtu yeyote akileta mizizi ya kutuliza joto, mkaionyeshe daktari kwanza, kwa sababu nyingine zina homoni ndani, utakuwa unalifungulia lori la adui dizeli uliyoifunga.

Ya chumbani pasta ayasome tu, labda yatamfaa. Tembe hizi zinamkausha mwanamke, na kukauka kunauma. Si kwamba hakutaki. Kuna jeli ya maji ya kulainisha, inauzwa kwenye duka la dawa, jeli ya kawaida isiyo na homoni. Ukiona aibu kuinunua Litein nenda Kericho mjini ambako hawajui ng'ombe wako. Lakini kabla ya jeli, ongeeni.

Na ukimaliza yote hayo, kumbuka kwamba uamuzi bado ni wake. Huwezi kumlazimisha, wala pasta, wala Cherotich. Unachoweza ni kuhakikisha anaamua akiwa amepewa kila nafuu iliyopo, asiamue akiwa anachemka. Huenda atasema ndiyo. Huenda atasema hapana, na utakaa naye kwenye hapana.

Jambo la mwisho, na ndilo nililotaka kukugombeza tangu mwanzo. Yale uliyoyaona siku ile uwanjani, umeyaandika vizuri kuliko watu niliosoma nao. Umeniambia mimi. Umewaambia wasomaji wote kutoka hapa mpaka Sotik. Yeye ulimpa kikombe. Nenda umwambie.

WELDON AMERUDI NA MAJIBU, NASI TUNAYACHAPA

Mpendwa mshauri, gunia nilitoa. Blanketi ng'ombe amelikubali. Mellen alikasirika kidogo kuhusu chupa lake, sasa analeta maji ya baridi kwa maringo kama yeye ndiye aliyegundua, na wazee wa kituoni wamenibadilisha jina wananiita Mama Maji.

Tulienda kliniki, Rodah akasema yote, mimi nikakaa kimya, jambo ambalo daktari alilishangaa. Amempumzisha tembe ya njano kwa muda, kisha akampa nyingine. Joto bado linakuja lakini halikai sana. Vidole bado asubuhi ni vigumu, ila juzi alijifunga kifungo cha juu mwenyewe, akaniangalia kama mtu aliyeshinda mbio, viwili vya chini akaniachia. Kuhusu miaka mitano amesema hasemi mitano. Amesema mwaka huu atameza, mwakani tutaongea tena. Nimekubali. Mengine uliyoshauri, nilienda mpaka Kericho mjini, na hapo naishia.

Ile ya mwisho ndiyo iliyonishinda siku nyingi. Kila nikianza kumwambia, maneno yanageuka mzaha. Mpaka mvua ya mawe ikapiga tena, mchana tukiwa nyumbani, yeye akatoka, nami safari hii nikatoka nikasimama kando yake mikono mitupu, barafu inanigonga upara, inauma kweli, sijui yeye anaipendea nini. Nikamwambia siku ile ya kanisani nilitamani kuvua kofia. Nikamwambia nimeona mlima wa Goma ukitema moto na haukunisimamisha miguu kama yeye alivyonisimamisha.

Akajifuta uso. Akaniuliza, "Kweli uliniona nimeizidi Goma?"

Nikajifuta upara, mshauri. Nilikuwa nimemaliza uongo wote, huo tu ndio ulikuwa umebaki, na alikuwa ananiangalia na zile nywele nyeupe. Nikamwambia, na wewe nakuambia, na wasomaji nao. Ile bahati niliyojisifia haikuwepo. Nimeendesha lori la kubeba majani kutoka vituoni mpaka kiwandani maisha yangu yote. Mara moja nilienda safari ndefu kama turniboi, msaidizi tu wa dereva, gari likakatika ekseli Malaba mpakani, tukarudi. Mlima wa moto niliuona kwenye kalenda ya kinyozi.

Goma sijafika.